Urefu wa Toba

Ta.

Ilikuwa sauti ndogo tu, kavu, kama njiti ya kibiriti inavyovunjika mtu akiiwasha kwa pupa. Msusi aliisikia kabla hajaumia. Kwa muda wa pumzi moja alidhani kuna kitu kimeanguka jikoni, akataka hata kugeuka akitazame, ndipo alipogundua kwamba mkono wake wa kushoto haugeuki naye. Ulikuwa bado mikononi mwa mumewe, nyuma ya mgongo, umekunjika pasipokunjwa. Mumewe naye alikuwa ameisikia sauti ile. Aliuachia mkono ghafla, akarudi nyuma mpaka akagota friji.

"Umeona sasa?" alisema. "Umeona ulivyonifanya?"

Kosa la Msusi siku hiyo lilikuwa kucheka. Alikuwa kwenye simu na mteja, mteja akamsimulia kisa cha bwana harusi aliyeazima viatu, naye akacheka kicheko kirefu cha watu wenye amani. Mumewe akataka kujua ni mwanamume gani huyo anayechekesha namna hiyo.

Hospitalini ni mumewe aliyemweleza daktari: bafuni, daktari, utelezi, mwanamke ana haraka kama anafukuzwa. Daktari akaandika. Bafu lao lilikuwa na utelezi wa ajabu. Lilikwisha kumng'oa jino, likampasua nyusi, na mara mbili likamharibia mimba. Aliyelisakafia bafu lile alistahili jela.

Mumewe mtaani aliitwa Fundi, na ufundi anao, haki yake apewe. Alichomelea mageti na nondo za madirisha, na nusu ya mtaa ililala usingizi nyuma ya kazi ya mikono yake. Ukitaka usiibiwe, watu walisema, mwite Fundi. Nyumba yake mwenyewe ndiyo aliyoifunga kuliko zote: mlango wa nondo nene, komeo mbili, ufunguo mfukoni mwake. Kila aliyepita alisifu jinsi nyumba ile isivyoingilika. Kuhusu kutoka, hakuna aliyeuliza.

Msusi alikwisha kutoka mara mbili. Mara ya kwanza alikimbilia kwa mama yake. Fundi alimfuata na nyundo, akaupiga mlango mpaka ukalala chini, na bibi kizee aliposimama katikati akisema "Mkwe wangu, mkwe wangu," akasukumwa ukutani kama pazia. Nyonga ikavunjika. Mama alitembelea mkongojo mpaka siku alipokufa, wala hakumlaumu mtu, na hilo ndilo lililomuuma binti yake zaidi. Mara ya pili Msusi alipanda basi la asubuhi. Fundi alilikuta basi kituo cha pili na pikapu yake, akaingia, akamshusha kwa nywele, ngazi moja moja, huku kila abiria akikumbuka ghafla kwamba ana simu ya kutazama. Mjumbe wa mtaa alipoletewa habari alikuna kidevu. "Mke na mume wakigombana," alisema, "chukua jembe ukalime."

Tangu hapo Msusi alielewa kwamba kukimbia si miguu. Kukimbia ni nafasi: umbali ulio nao kabla mwenzio hajajua kwamba umeondoka. Na yeye nafasi hiyo hakuwa nayo. Fundi alirudi kula mchana, alipita saluni bila taarifa, alipiga simu akitaka asikie mlio wa draya nyuma ya sauti yake.

Alichokuwa nacho Msusi ni toba ya Fundi.

Maana Fundi alikuwa mtu wa kutubu. Akishapiga alilia, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Msusi aliyafuta mwenyewe, aliujua uzito wake. Aliosha vyombo. Alileta matunda yaliyoiva sawasawa. Alimwita "malkia" na kumsimulia walivyokutana, yeye kijana amekuja kutengeneza dirisha la saluni, akafanya kazi ya saa moja kwa siku tatu ili tu azidi kumtazama. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini toba ile, kama maziwa, ilikuwa na siku yake ya kuchacha, na kwa miaka mingi Msusi alijifunza kuipima kama anavyopima nywele za kusukia. Kofi lilizaa toba ya siku mbili. Mkanda, nne. Jino lilizaa wiki nzima. Kipigo kikizidi uzito, toba nayo ilizidi urefu, na katika urefu huo ndimo alimoishi: alikula, alilala, alinenepa kidogo. Kisha vyombo vikaanza kubaki bila kuoshwa, akajua.

Safari hii Fundi alileta zaidi ya matunda. Alirudi nyumbani na kijitabu chenye picha ya meli nyeupe, ghorofa juu ya ghorofa kama keki ya harusi, akakifungua juu ya magoti yake kwa upole, asiuguse mkono wenye plasta.

"Meli ya matembezi," alisema. "Watu hawaendi popote, wanakula tu na kutazama maji. Mimi na wewe, malkia. Tukaanze upya."

* * *

"Wewe melini!" alipiga kelele Kengele. "Wewe ambaye karai la kufulia likijaa unalizunguka!"

Kengele alikuwa mwenzake wa saluni na shoga yake wa miaka, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu moto unapowaka. Kwa kuwa Msusi sasa alikuwa wa mkono mmoja, kazi yake ilikuwa kukaa kwenye stuli na kumpa Kengele nywele, fungu kwa fungu.

"Ya siku ngapi?" aliuliza mwalimu mstaafu kutoka chini ya draya.

"Hatujachagua. Ziko za tatu, za saba, za kumi na nne."

"Mara ya kwanza? Tatu! Siku ya kwanza unatapika, ya pili unatapika, ya tatu unashuka umepungua kiuno. Ni faida tupu."

"Mwalimu, acha utani," alisema mke wa muuza simu, kichwa kikiwa mapajani mwa Kengele. "Siku tatu hata choo hujakijua kiko wapi. Saba ndiyo zenyewe. Sisi tulikwenda ya saba, baba watoto akarudi ananiita kwa jina la utotoni."

"Na za kumi na nne?" aliuliza Msusi.

"Hiyo si safari, mama. Hiyo ni ndoa nyingine," alidakia mwalimu.

Wakacheka. Kengele peke yake hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama katikati ya msuko wa mke wa muuza simu.

"Hicho chumba mnacholala, ukubwa wake?"

"Kitanda kikiingia, wewe unabaki mlangoni."

"Mlango unatokea wapi?"

"Kwenye korido."

"Na korido?"

"Kwenye korido nyingine. Mbona unauliza kama unataka kuinunua?"

"Na mtu akitoka nje kabisa?"

"Maji," alisema mke wa muuza simu. "Ungetaka kuwe na nini, kituo cha basi?"

Wateja walipoondoka Kengele alishusha pazia la mlango na kuivuta stuli ya pili. Akisema kwa sauti ya chini, Kengele alikuwa kama mtu mwingine, mzee zaidi.

"Toba ya mkono ina urefu gani?"

"Sijui," alisema Msusi. "Mkono ni mpya."

"Jino ni wiki."

"Jino ni wiki. Mkono labda unafika siku kumi. Labda."

"Na tayari umekwisha kula tatu. Sikiliza, mdogo wangu. Chagua hiyo ya siku tatu. Jifanye mgonjwa, jifanye mshamba, lia kama mtoto, lakini usikubali hata siku moja zaidi. Hapa akianza, mimi napiga kelele, mtaa unasikia, hata kama hauji. Kule nani atasikia?" Akaitazama plasta. "Hapa analisingizia bafu. Kule hata bafu halihitaji."

Msusi alikuwa ameshaliwaza hilo. Usiku ule wa kijitabu, macho wazi, aliuona ukingo wa meli, mkono wa Fundi mgongoni mwake, na jinsi ambavyo angesimulia baadaye, kwa machozi ya kweli.

* * *

Ofisi ya tiketi ilikuwa na feni, viti vya bluu, na meli ndogo ya plastiki ndani ya sanduku la kioo. Binti aliyewahudumia alivaa miwani na alikuwa na adabu ya watu wanaoipenda kazi yao. Fundi alimvutia mkewe kiti. Alikuwa amenyoa na kujipulizia manukato.

"Nataka iliyo ndefu," alisema. "Maji ukishayavulia nguo, uyaoge basi."

Binti akacheka. "Ni mara yenu ya kwanza, baba?"

"Ya kwanza."

"Basi mimi kwa kweli nisingewashauri hiyo. Wengi wanaoanza huchukua tatu, waone miili yao inaipokeaje bahari. Wenye moyo huchukua saba, na hiyo kila siku mbili mnashuka mji mwingine, mnanyoosha miguu."

"Tatu," alisema Msusi haraka. "Tatu zinatutosha."

Mkono wa Fundi ulishuka juu ya plasta polepole, kama mume anayemtuliza mkewe. Vidole vya Msusi vilikuwa vimechomoza mwishoni mwa plasta, vimevimba. Fundi akakishika kile kidogo cha mwisho, akaanza kukirudisha nyuma. Hakuwa na haraka. Uso wake ulimtabasamia binti wa tiketi.

"Mke wangu ana woga," alisema.

"Wanawake wengi huogopa mwanzoni," binti alikubali.

Kidole kilifika mwisho wa safari yake, kikapelekwa mbele zaidi. Jasho lilimtoka Msusi chini ya matiti. Alitazama ile meli ya plastiki ndani ya kioo ili asipige ukelele, akayatazama madirisha yake, akayaona hayana nondo. Ndipo, kwa kuwa lazima aseme neno, na asilie, aliuliza:

"Hiyo ndefu, inapita wapi?"

"Hiyo, mama? Siku nne za mwanzo ni bahari tupu. Hakuna mji, hakuna kisiwa, simu yenyewe haishiki. Ndiyo maana nasema si ya wanaoanza."

"Na mtu akitaka kushuka?"

"Atashukia wapi? Labda awe samaki."

"Hata akiwa na dharura?"

"Daktari yumo humo humo. Meli haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja, mama. Na bandari ya kwanza ikifika, ni mbali mno. Kurudi ni mpaka meli irudi."

Siku zote hizo Msusi alikuwa akiipima meli ile akiwa ndani yake, amelala kwenye kile kitanda kinachojaza chumba, akihesabu itachukua muda gani toba ichache. Sasa, kidole kikiwa karibu kukatika, aliuona ule ule mlango wa kabini, lakini yeye alikuwa nje yake. Nje kabisa, nchi kavu, amesimama. Ndani alikuwa mtu mmoja tu, na meli haigeuzwi kwa ajili ya mtu mmoja.

"Tukatie hiyo ya kumi na nne," alisema.

Fundi alikiachia kidole. "Unamwona?" alimwambia binti kwa fahari. "Mke wangu akielekezwa anaelewa."

* * *

Kengele aliposikia alikaa chini sakafuni, katikati ya nywele zilizokatwa.

"Umechanganyikiwa."

"Sipandi," alisema Msusi. "Yeye ndiye anapanda."

Kengele alimtazama kuanzia plasta mpaka usoni. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika, akajifuta macho kwa kanga ya wateja. Alikuwa na binamu, alisema, mji wa mbali huko bara, mwenye saluni ya viti vinne na wasusi wavivu. Safari ya basi ya kutwa nzima na nusu yake. Hata jina la mji huo Fundi hajawahi kulisikia likitajwa. Kuanzia siku hiyo Msusi akaanza kuhamisha nguo zake ndani ya taulo za saluni, gauni moja leo, jingine kesho, kama mtu anayepeleka vitu kufuliwa.

Meli ilikuwa iondoke baada ya siku tano. Toba ya mkono ilikuwa bado changa. Fundi aliosha vyombo akiimba.

Halafu binti wa tiketi akapiga simu. Injini imepata hitilafu, samahani sana, meli itachelewa kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo hesabu zote za Msusi zilipoharibika. Alikuwa ameipima meli na alikuwa amempima Fundi, lakini hakuwa amewapima pamoja. Kesho yake matunda hayakuja. Siku iliyofuata, sahani ya jioni ilibaki mezani mpaka asubuhi, ikakauka. Kisha Fundi alikaa kwenye kiti chake akiufungua na kuufunga mkanda wa saa. Kisha akauliza, "Nani alikuwa amekaa hapa?" na kiti hakuna aliyekigusa. Zikiwa zimebaki siku mbili meli iondoke, alisimama mlangoni, ufunguo mkononi.

"Nafikiri tuzirudishe hizo tiketi," alisema. "Mtu atakwendaje baharini na mwanamke asiyejua mawazo yake?"

Akatoka kwenda uani kuchomelea.

Msusi aliketi ukingoni mwa kitanda. Sanduku lake la safari lilikuwa limefungwa kwa ajili ya macho ya mumewe, ndani mna mashuka na viatu vya zamani. Kengele alikwisha kukata tiketi ya basi. Na Fundi alikuwa anachacha. Akiachwa hivyo, atafika mwisho kwa wakati wake mwenyewe, labda kesho kutwa yenyewe, bandarini, au hapa hapa, na safari itakuwa imekufa. Kulikuwa na njia moja tu ya kumrudisha awe mpole, nayo Msusi aliijua kuliko mtu yeyote duniani.

Kofi. Kofi lilikuwa na toba ya siku mbili. Hakuhitaji zaidi.

Alichukua simu, akatoka uani. Jua lilikuwa kali. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya geti la mtu, kinyago usoni, cheche zikimrukia miguuni. Msusi alisimama mahali atakapoonekana, akaweka simu sikioni, isiyo na mtu upande wa pili, akacheka. Alicheka kile kicheko chake kirefu. "Acha wewe!" aliiambia simu. "Ehe? Ehe?"

Cheche zikazima. Kinyago kikainuka.

Kofi la kwanza lilikuja kama alivyolitarajia, shavuni, na aliliangukia kwa hiari, alipiga goti mapema kidogo ili liishie hapo. Halikuishia hapo. La pili lilimpata sikioni, kukawa na mlio mwembamba ambao haukunyamaza tena. Teke likamgeuza. Akaburutwa kwa kola kupita kwenye vumbi la chuma, vipande vikamwingia mapajani kama sindano, na kila alipojaribu kuinuka goti la Fundi lilikuwa juu ya mbavu zake. Ubavu mmoja uliachia. Kisha akainuliwa, akasukumwa kwenye lile geti, na shingo yake ikaingia kati ya mikono miwili na nondo. Fundi hakupiga kelele. Alikaza tu, kwa utulivu, kama anavyokaza skrubu, macho yake yakitazama kitu kilicho nyuma ya Msusi.

Nimekosea vipimo, aliwaza Msusi. Aliagiza kofi, akaletewa kifo.

Mbingu ilianza kupungua pembeni. Miguu yake ilitafuta ardhi, ikaikosa. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa. Wa kushoto, ule mkono usiofaa, ulikuwa unaning'inia huru, na ulikuwa mzito. Aliuinua wote, plasta na mfupa na yote yaliyokuwa ndani yake, akaurusha. Ulimpata Fundi mdomoni. Mfupa uliokuwa umeanza kuunga ukaachana tena, naye Msusi, koo likiwa limefungwa, akaupiga ukelele wake ndani kwa ndani. Akapiga tena. Safari hii pua ilivunjika, aliisikia. Akapiga mara ya tatu, na hiyo haikuwa ya kujiokoa. Hiyo ilikuwa ya nyonga ya mama yake.

Fundi aliketi chini. Aligusa mdomo wake, akatazama vidole, akaona damu ambayo, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, ilikuwa yake. Midomo yake ikaanza kutetemeka. Akalia.

"Umeona?" alisema kwa sauti ya puani. "Umeona tunavyofanyana, mke wangu?"

Jioni ile aliosha vyombo. Alimkanda shingo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mikono ile ile, kwa upole wa mtu anayefuta vumbi kwenye kioo. "Kesho kutwa tunakwenda," alimwambia. "Hewa ya bahari itatutoa huyu shetani." Msusi alitaka kuitikia, sauti haikutoka, koo lilikuwa limebakiza upepo tu. Akaitikia kwa kichwa.

* * *

Bandarini kulikuwa na kelele za magurudumu ya masanduku, watoto, na vipaza sauti. Meli ilikuwa kubwa kuliko picha. Ilijaza upande mzima wa dunia, nyeupe, na watu wadogo wadogo walisimama juu yake wakipunga mikono.

Fundi alibeba masanduku yote mawili. Pua yake ilikuwa imefungwa bendeji, na kwa kila aliyemtazama alisema, "Bafuni, ndugu yangu," akacheka, na watu wakacheka naye. Msusi alitembea nyuma yake, skafu imezungushwa shingoni mara tatu, akipumua nusu nusu kwa ajili ya ubavu.

Kwenye ukaguzi njia ziligawanyika. Wanaume kushoto, wanawake kulia, kila upande na mkaguzi wake. Mstari wa wanaume ulikuwa mfupi na ulikwenda mbio. Wa wanawake ulikuwa na mikoba ya kufunguliwa, watoto wa kubebwa, bibi aliyesahau miwani. Fundi alivuka. Alisimama ng'ambo ya kamba, masanduku miguuni, akaanza kuufungua na kuufunga mkanda wa saa.

Msusi aliiona ile saa. Alimwonyesha kwa mkono wake mzima: tangulia. Tangulia kabini, nakuja. Akajilazimisha kutabasamu.

Fundi hakuwa mtu wa kungoja. Alitazama mstari, akatazama ngazi ya meli, akainua mabega. Kisha akafanya jambo ambalo Msusi hakulitegemea. Aliuinua mkono, akapunga, pana, kitoto, na chini ya bendeji uso ulikuwa ni wa yule kijana aliyetengeneza dirisha la saa moja kwa siku tatu. Msusi alihisi kitu kikimpanda kifuani, akakiacha kipande, akakiacha kishuke. Mwanamke wa mbele yake alisogea. Naye akasogea. Alipotazama tena, masanduku mawili yalikuwa yakipanda ngazi, na mgongo wa Fundi juu yake, ukiingia kwenye mlango mdogo wa giza ubavuni mwa meli.

Mstari ulifika mwisho. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye glavu. Alimpapasa mabegani, akashuka, na mkono wake ulipogusa ubavu Msusi alijikunja. Mkaguzi akasita. Akaiinua skafu kwa ncha ya kidole. Chini yake kulikuwa na michirizi ya vidole, myeusi, kumi kamili, na nyuma ya shingo alama iliyonyooka ya nondo.

Mkaguzi aliirudisha skafu mahali pake na kuitengeneza vizuri. Nyuma yake mtu alikuwa akipaza sauti kwamba wamebaki wachache, kwamba ngazi inatolewa. Minyororo ikaanza kulia.

"Dada," mkaguzi alisema, "lete tiketi yako. Ukipita hapa hurudi nyuma, na wao hawangoji. Unapita?"

Msusi aliitazama meli. Kisha akatazama upande mwingine, ambako nje ya lango Kengele alikuwa amesimama juani na kifurushi cha taulo. Akasogeza mdomo karibu na sikio la mkaguzi, kwa kuwa upepo uliobaki kooni mwake haukutosha kufika mbali.

"Sisafiri," alisema. "Nimekuja kumsindikiza mume wangu."